Usifute ya Zamani Kabla ya Mpya Kusimama

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa Bweremana wanaotunza orodha za familia zilizokimbia



Tunajua wengine mmetembea toka Shasha na Kirotshe, wengine mmepanda moto toka upande wa Minova, na mafuta siku hizi si mchezo. Leo hatukuja kuongea juu ya maandamano wala barua kwa wakubwa. Tumekuja kuongea juu ya faili. Ndiyo, faili: ile orodha iliyo ndani ya telefone au kompyuta ya mmoja wenu, yenye majina ya familia, idadi ya watoto, mahali walikotoka na mahali wanapolala sasa.

Mtu anaweza kutuuliza: vita iko hapa, njaa iko hapa, na nyie munatuletea mambo ya kompyuta? Jibu letu ni fupi. Hapa kwetu, mtu ambaye hayuko kwenye orodha hahesabiwi. Mama akifika mbele ya meza ya kugawa unga na jina lake halionekani, anarudi na mfuko mtupu. Halafu anakuja kwako wewe uliyemwandika: «Mulituandikaka, sasa munasema hatuko?» Siku hiyo utamwambia nini? Kwamba umeme ulikatika? Kwamba telefone ilizimika wakati wa kuhifadhi? Yeye hakula. Sababu yako haipikwi.

Kwa hiyo tunasema hivi, na ndilo neno letu moja la leo: usifute ya zamani kabla ya mpya kusimama. Na hata mpya ikisimama, ya zamani usiitupe.

Tumeshaona karatasi zikipotea

Wandugu, sisi watu wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa kupoteza. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, moto wake ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ukaingia ziwani. Nyumba, ofisi na maduka vilifunikwa, pamoja na kila karatasi iliyokuwa ndani bila nakala kwingine. Tarehe 22 Mei 2021 ikalipuka tena. Siku tano baadaye watu wa mitaa mingi ya Goma waliamriwa kuhama, wakamiminika Sake, wengine wakapita njia yetu hii kwenda Minova. Wengi walikimbia na godoro na watoto. Ni wangapi walikumbuka kubeba karatasi za kiwanja?

Na bado hatujasahau mashua Merdi. Vita ilikuwa imekata barabara upande wa Sake na Shasha, watu wa Minova hawakuwa na njia nyingine ya kufika Goma ila maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua ile iliondoka Minova, ikapinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa wanaiona kwa macho toka ufukweni. Halafu ikaja vita ya hesabu. Gavana wa Kivu Kusini alisema ndani mlikuwa na watu 278. Juu ya idadi ya waliokufa, mamlaka hawakusema sauti moja. Tuelewe maana yake: kuna familia ambazo hazikupata hata neno la uhakika kwamba mtu wao alipanda au hakupanda. Orodha inayosafiri ndani ya chombo, bila nakala kubaki bandarini, inazama pamoja na chombo.

Faili yenu iliyo kwenye telefone moja ni hiyohiyo mashua.

Kompyuta inafuta kwanza, inaandika baadaye

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Kati yenu kuna wanaoandika vijiprogramu vya Python vya kupanga orodha: kuongeza jina, kutoa jina lililorudiwa, kuhesabu watoto wa chini ya miaka mitano. Kazi nzuri sana. Lakini wengi mmefundishwa kuhifadhi kwa mstari huu:

open("orodha.csv", "w")

Hiyo herufi w muiogope. Ukiiandika, kompyuta haingoji maneno yako mapya. Inaanza kwa kulimwaga faili lote, linakuwa tupu, sifuri. Baada ya hapo ndipo inaanza kupokea mistari mipya, mmoja baada ya mwingine. Tuseme una familia 600. Programu imeandika 140, betri ikafa. Ukiwasha tena unakuta nini? Pengine 140, pengine chini ya hapo, pengine hakuna kitu. Ya zamani imeondoka na mpya haijafika. Ni kama mtu anayebomoa nyumba yake asubuhi kwa sababu amesikia kwamba mabati ya nyumba mpya yanakuja mchana.

Na hapa Bweremana, wandugu, kati ya asubuhi na mchana mambo mengi yanapita. Umeme wa sola unaisha. Mlio wa silaha unasikika, mtu anafunga kompyuta na kukimbia. Programu iliyoandikwa kwa kuamini kwamba umeme hautakatika imeandikiwa inchi nyingine, si hii yetu.

Njia salama iko, na si ngumu. Ina hatua tano.

Ya kwanza: andika orodha mpya katika faili lingine lenye jina lingine, tuseme orodha.mpya, lakini ndani ya folda ileile. Orodha.csv ya zamani usiiguse. Umeme ukikatika sasa, unapoteza kazi ya dakika chache tu, orodha yenyewe iko nzima.

Ya pili: lazimisha maandishi yashuke mpaka kwenye diski. Hapa wengi wanadanganyika. Programu ikisema «nimemaliza», mara nyingi maneno yako bado yanaelea kwenye kumbukumbu ya muda, yanangoja zamu. Katika Python unaita flush, halafu os.fsync, ndipo ufunge faili. Msione kwamba ni mambo ya vitabuni. Mwaka 2009, watu waliojaribu mfumo mpya wa ext4 kwenye Linux walipatwa na masini kuzimika ghafla, wakakuta mafaili yao yana urefu wa sifuri. Jina la faili lipo, ndani hamna kitu. Theodore Ts'o, mmoja wa watengenezaji wa mfumo ule, aliwaeleza waandishi wa programu kwamba anayetaka uhakika lazima auombe uhakika, na fsync ndiyo njia ya kuuomba.

Ya tatu: fungua ile mpya, uisome, uihesabu. Zamani zilikuwa familia 600, leo umeongeza 12: unatakiwa kuona 612. Ukiona 588, programu isimame na kuita mtu. Isiamue yenyewe. Mashine haijui kwamba namba 589 ni mjane mwenye watoto sita.

Ya nne: weka pembeni ile ya zamani. Shutil.copy2 inanakili faili pamoja na tarehe yake. Ipe nakala jina lenye siku na saa ndani yake. Kuna wanaoweka nakala moja tu, yenye jina lilelile kila siku. Sikilizeni hatari yake: leo umehifadhi orodha mbovu bila kujua, orodha nzuri ikaingia kwenye nakala. Kesho umehifadhi tena, na sasa ile mbovu ndiyo inaingia kwenye nakala. Umebaki na mbovu mbili. Nakala zenye tarehe zinakuruhusu kurudi nyuma siku tatu, nne, wiki nzima, mpaka ukute siku ambayo mambo yalikuwa sawa.

Ya tano, na sasa ndipo unabadilisha: os.replace, kutoka orodha.mpya kwenda orodha.csv. Hii iko ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Haimwagi kitu, haijazi kitu. Inabadilisha jina tu, kwa tendo moja. Anayefungua orodha wakati huo atakuta ya zamani nzima au mpya nzima, hatakuta nusu. Ndiyo sababu tulisema folda ileile: tendo moja hilo linawezekana ndani ya diski moja. Ukitaka kuvuka kwenda flashi, si kubadilisha jina tena, ni kunakili, na kunakili kunaweza kukatwa njiani. Anayetumia C# ana File.Replace, ambayo inapokea majina matatu: faili mpya, faili la zamani, na jina la nakala ya akiba. Hao waliofikiria jina la tatu walijua wanachofanya.

Na wewe ambaye huandiki programu, una jedwali lako tu ndani ya telefone, usiseme haya hayakuhusu. Fanya vilevile kwa mkono: hifadhi kwa jina jipya lenye tarehe, funga, fungua, hesabu, ndipo utume. Ya jana iache mahali pake.

Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu

Kuna wanaosema: sisi tuko salama, tuna nakala. Tunawauliza: mara ya mwisho kuifungua ni lini?

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandika programu wa dunia nzima, ilipatwa na jambo. Usiku, fundi wao mmoja aliyekuwa anahangaika kurekebisha tatizo alifuta folda ya data kwenye masini isiyo yenyewe. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akasimamisha. Kwenye gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala zao. Walikuwa na njia tano za kujilinda, na hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi kama walivyoamini. Moja ilikuwa inashindwa kila siku, na barua za kutoa taarifa zilikuwa hazifiki kwa mtu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi alikuwa ameitoa kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Kazi ya zile saa sita ilipotea.

Hao ni watu wenye mafundi, wenye umeme, wenye intaneti usiku na mchana. Sisi tuna nini cha kujivunia? Tuna kitu kimoja: faili letu ni dogo. Familia mia chache zinaingia kwenye flashi ya bei ndogo kabisa sokoni, na kuzijaribu ni kazi ya dakika kumi. Kila Jumapili jioni, mtu mmoja achukue nakala, aifungue kwenye telefone nyingine, achague majina matano bila kupanga, ayalinganishe na kaye ya biki. Yakipatana, mlale. Yasipopatana, msilale.

Ndiyo, tumesema kaye ya biki. Kaye haihitaji umeme. Iendelee.

Ya zamani ni shahidi

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi kama wanainchi, si kama mafundi.

Orodha haipotei kwa umeme tu. Orodha inachezewa. Wote hapa tumeshasikia malalamiko hayo: leo familia inaandikwa, kesho jina limetoka, na mahali pake kuna jina ambalo hakuna nyumbakumi anayelijua. Jetoni inaonekana kwa mtu asiyekimbia popote. Ukiuliza, unaambiwa «ni sistemu». Wandugu, sistemu haina shemeji. Sistemu haifuti jina bila mtu kuiambia.

Hapo nakala yenye tarehe inageuka kuwa shahidi. Ukiwa na orodha ya Jumatatu na ya Ijumaa, programu ndogo ya mistari mitano inakuonyesha nani ametoka na nani ameingia. Hakuna haja ya kugombana na mtu wala kutukana mtu. Unaweka karatasi mbili mezani na unauliza kwa upole: hawa tisa wamekwenda wapi?

Lakini ili tuwe na haki ya kuuliza wengine, tuanze kwetu. Kila jina linalotoka kwenye orodha zenu liwe na sababu pembeni: amehama, amefariki, aliandikwa mara mbili. Na jina la aliyelitoa, na siku. Faili linalobadilishwa bila kuacha alama linamfanya kila mtu awe mshukiwa, hata aliye mwaminifu. Nakala inamlinda mama aliyeandikwa, na inakulinda wewe uliyemwandika.

Nakala inaweza kuua

Tusidanganyane. Mahali pengine tungeishia hapo, tungesema: tengenezeni nakala nyingi, mrudi nyumbani. Hapa hatuwezi.

Orodha ya majina, pamoja na kijiji mtu alikotoka na mahali anapolala, ni kitu kizito. Mikononi mwa anayegawa unga ni chakula. Mikononi mwa anayetafuta watu ni kitu kingine. Kila nakala unayoongeza ni mlango mmoja zaidi. Basi tunafanya nini? Tunafanya mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza, usiandike kisichohitajika. Safu ya kabila haina kazi katika kugawa unga. Itoeni. Safu ya «mume yuko wapi» itoeni. Kitu ambacho hakijaandikwa hakiwezi kuibwa. Na mkikitoa, kitoeni kwenye nakala za nyuma pia. Hizo mnaruhusiwa kuzisafisha, kwa sababu hiyo tu.

La pili, nakala isitembee uchi. 7-Zip ni ya bure, na inafunga faili kwa neno la siri kwa njia ya AES-256. Anayeokota flashi bila neno lile ameokota plastiki. Neno la siri liwe refu, sentensi ambayo ninyi wenyewe mnaweza kuikumbuka, si tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Walijue watu wawili, si mmoja: mmoja akikimbia au akipatwa na jambo, orodha isife naye. Na lisiandikwe kwenye karatasi iliyofungwa pamoja na flashi. Huo ni ufunguo kwenye kufuli.

Hesabu ya nakala iwe ileile inayojulikana na wanaotunza data dunia nzima: tatu kwa jumla, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Hapa «mbali» haina maana ya nyumba ya jirani. Tukikimbia, jirani naye anakimbia. Mbali ni ng'ambo ya maji, au kwa mwenzetu aliye mji mwingine, anayepokea faili lililofungwa kila mara mtandao unaporudi.

Tunachowaomba

Tunawaomba mambo machache, na tunaomba yaanze wiki hii.

Kila anayetunza orodha awe na mwenzake mmoja anayejua inakaa wapi na inafunguliwaje.

Kila programu yetu inayohifadhi orodha ipitiwe upya: pale penye herufi w moja kwa moja juu ya faili la kweli, pabadilishwe kwa zile hatua tano.

Kila nakala iwe na tarehe kwenye jina, na ifungwe kwa neno la siri.

Kila Jumapili nakala ijaribiwe, majina matano, mbele ya watu wawili.

Na kila jina linalotoka lipewe sababu.

Mtatuambia ni kazi nyingi kwa watu wasiolipwa. Ni kweli, hamlipwi. Lakini familia hizi zimekuja na nguo za mwilini. Wameacha shamba, wameacha mbuzi, wengine wamewazika watu wao njiani. Wamefika hapa wakawapa ninyi kitu cha mwisho walichobaki nacho, jina lao, na mkaliandika. Sasa liko mikononi mwenu. Lilindeni.

Anayetaka hizo hatua tano kwa maandishi, abaki kidogo. Tutaziweka kwenye kompyuta yake na tutazima umeme katikati ya kazi makusudi, ili aone kwa macho yake kwamba orodha inabaki nzima.